Mtoto anaposema “Me I want”: kosa linatoka wapi na tulirekebishe vipi

Wiki iliyopita, katika kipindi cha asubuhi, tulifungua simu tuzungumzie Kiingereza cha shule za msingi. Nilitegemea kusikia habari za uhaba wa vitabu na walimu, na kweli zilikuja nyingi. Lakini simu iliyonikaa kichwani ni ya bibi mmoja aliyepiga kutoka upande wa Sikonge.

Alisema mjukuu wake yuko darasa la tano. Siku moja mwalimu aliingia darasani, akakuta pamefagiwa vizuri, akauliza kwa Kiingereza ni nani aliyefagia. Mtoto akanyoosha mkono kwa furaha, akajibu: “Me and my friend we sweep.” Darasa likaangua kicheko. Mtoto akakaa. Tangu siku hiyo, bibi alisema, hanyooshi tena mkono kwenye somo la Kiingereza.

Kisha akaniuliza: “Sasa mwanangu, wewe uliyesoma, hebu niambie. Huyu mtoto kakosea nini? Si alifagia kweli?”

Nilianza kueleza hewani nikajikwaa. Nikasema “I” inakaa mbele na “me” inakaa nyuma, bibi akaguna, fundi mitambo akanionyesha saa, tukaweka wimbo. Makala haya ni deni langu kwa bibi yule, na kwa wasikilizaji waliotuma ujumbe baadaye wakitaka maelezo ya kusoma taratibu kwenye simu.

Kwa nini swali hili ni la sasa

Kabla ya mwaka 2024, watoto wa darasa la kwanza na la pili katika shule zetu za serikali walijikita kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa Kiswahili. Somo la Kiingereza walikutana nalo darasa la tatu. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 umelishusha somo hilo hadi darasa la kwanza. Mtaala huo huo unaondoa darasa la saba: elimu ya msingi inakuwa miaka sita, na baada yake miaka minne ya sekondari iliyo ya lazima. Sekondari, lugha ya kufundishia imebaki kuwa Kiingereza. Sera ya elimu ya mwaka 2014 ilikuwa imefungua mlango wa Kiswahili kutumika katika ngazi zote, lakini toleo lake la mwaka 2023 limekiacha Kiingereza pale pale kilipokuwa.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Mtoto aliyeingia darasa la tatu Januari 2024 alikuwa amesoma la kwanza na la pili kwa utaratibu wa zamani, bila somo la Kiingereza. Kuanzia hapo akaingizwa kwenye utaratibu mpya, na atamaliza darasa la sita mwaka 2027. Mwaka huo huo kaka na dada zake waliomtangulia darasa moja watamaliza la saba. Wale wa la saba watakuwa wamesoma Kiingereza miaka mitano. Huyu wa la sita, miaka minne. Wadogo zake walioanza darasa la kwanza 2024 watapata miaka sita.

Kwa hiyo wapo watoto walioangukia kwenye mwanya katikati ya mitaala miwili, na hawa wa la sita wataingia kidato cha kwanza Januari 2028 na akiba ndogo. Mjukuu wa bibi yumo humo. Amebakiza mwaka huu na ujao. Mtoto wa namna hiyo akinyamaza miezi sita kwa sababu ya kicheko, miezi hiyo haina pa kufidiwa. Ndiyo maana nasema neno dogo kama “me” si dogo kwa mwaka huu.

Sentensi ile, kipande kwa kipande

Turudi kwenye jibu la mtoto. Liweke pembeni ya Kiswahili chake: “Mimi na rafiki yangu tulifagia.”

Mimi, akaweka “me”. Na, akaweka “and”. Rafiki yangu, “my friend”. Kisha angalia kitu ambacho wengi hawakukiona walipokuwa wakicheka: ile “tu” iliyo ndani ya “tulifagia” akaitoa, akaitafsiri pia, “we”. Fagia, “sweep”. Mtoto hakuruka kitu ila wakati uliopita, ile “li”. Ukimwuliza fundi cherehani angekwambia kitambaa kimepimwa vizuri, ila kimekatwa kwa umbo la mtu mwingine.

Mwingereza angesema “My friend and I swept the classroom.” Hasemi “we” baada ya kuwa ameshawataja wahusika. Kwake, kuwataja mara moja kunatosha. Kwetu haitoshi: kitenzi cha Kiswahili hakisimami bila kiambishi cha mtendaji. Huwezi kusema “mimi na rafiki yangu lifagia”. Ni lazima “tu” iwepo. Kinyamwezi na Kisukuma navyo vimejengwa hivyo hivyo. Unaweza kuanza na “nene”, yaani mimi, lakini ndani ya kitenzi utajitaja tena.

Ndiko inakotoka ile “Me I want” inayochekwa kutoka Igunga mpaka Kaliua, na huko Kenya na Uganda pia. “Mimi nataka.” Mimi, “me”. Na, ile ya “nataka” ambayo ina “ni” ndani yake, “I”. Taka, “want”. Mtoto anayesema hivi amejitaja mara mbili kwa sababu lugha yake inamruhusu kujitaja mara mbili anapotaka kukazia: mimi nataka, wewe hutaki.

“Mi” yetu na “me” yao

Kuna mtego mwingine ambao sijauona kwenye kitabu chochote cha shule, lakini naukuta kila siku kwenye simu ya studio. Katika mazungumzo ya kawaida hatusemi “mimi naenda”. Tunasema “mi naenda”. Na vijana wanapotuma salamu, wengi wanaandika hivi: “me nipo Urambo nawasalimu wote”, “me sijui mtangazaji hebu tueleze.” Wanaandika “me”, wanamaanisha “mi”.

Sasa tamka “me” ya Kiingereza. Inasikika “mii”. Kwa sikio la mtoto wa Tabora, neno hilo halihitaji hata kufundishwa. Analijua tangu akiwa mgongoni kwa mama yake. Mi naenda, mi sitaki, mi nimeshiba. Likija somo la Kiingereza na neno linalosikika vile vile na lenye maana ile ile, kwa nini asilitumie mwanzoni mwa sentensi? Hiyo “I”, inayotamkwa “ai”, ndiyo mgeni kwake.

Na ni mgeni mwenye madaha. Ni herufi moja tu, lakini inaandikwa kwa herufi kubwa kila mahali, hata katikati ya sentensi. Sisi “mimi” hatuikuzi namna hiyo. Mtoto akiandika “i” ndogo anakatwa alama, na mara nyingi hakuna aliyemwambia kwamba kwa Kiingereza ndivyo ilivyo na hakuna la kufanya zaidi ya kuzoea.

Ufunguo uko ndani ya Kiswahili

Hapa ndipo nilipojikwaa hewani, kwa hiyo naenda polepole.

Watu wengi, na mimi nilikuwa mmoja wao, wanaamini Kiswahili hakina tofauti ya “I” na “me”. Tunasema mimi tu, basi. Si kweli. Tofauti tunayo, ila imejificha ndani ya kitenzi.

“Nilimwita mwalimu.” Hapo “ni” iko mbele, na mimi ndiye niliyeita. Kiingereza: “I called the teacher.”

“Mwalimu aliniita.” Hapo “ni” imehamia katikati, na mimi ndiye niliyeitwa. Kiingereza: “The teacher called me.”

Ni ya mbele ni “I”. Ni ya katikati ni “me”. Mtoto wa miaka mitatu hapa kwetu hakosei hata siku moja kati ya “nimempiga” na “amenipiga”. Mwulize walipogombana na mwenzake uone jinsi anavyoipanga vizuri. Kwa maana hiyo ujuzi anao tayari. Kinachobaki ni kumwonyesha kwamba maneno yale mawili ya Kiingereza yanafanya kazi ya sehemu zile mbili za kitenzi.

Na haiishii hapo. “Kitabu changu” ni “my book”. Ukiondoa neno kitabu ukasema tu “ni changu”, hiyo ni “mine”. “Nimejikata”, ile “ji” inayomrudia mtendaji mwenyewe, ni “myself”: “I cut myself.” Maneno yote matano ya Kiingereza ya mtu kujisema yana mwenzake kwenye Kiswahili cha kila siku.

Kanuni hii ina mahali inapoyumba, na ni afadhali niseme kuliko mtoto aje akwame mbele ya mwalimu. Tunapoomba au kuamuru tunasema “nipe maji”, “nisaidie”. Hapo “ni” iko mbele kabisa lakini anayetenda si mimi, ninaomba nitendewe. Kwa hiyo ni “give me”, “help me”. Pia kwenye kukanusha, “sitaki”, ile “ni” imemezwa na “si”, lakini mtendaji bado ni mimi: “I don’t want.” Ndiyo maana swali la kumwuliza mtoto lisiwe tu “ni iko wapi?” Mwulize: hapo nani anatenda, na nani anatendewa? Halafu kuna maneno yanayofuatwa na “me” siku zote, kama “with me” na “for me”. Hayo ni kama nami na kwa ajili yangu, na hayana ugomvi.

Akiwa na mwenzake ndipo mambo yanapochanganya

Peke yake, mtoto akishaelewa, anakwenda vizuri. Shida inarudi anapokuwa na rafiki, kwa sababu “ni” inatoweka na kuwa “tu”. “Mwalimu alituita mimi na rafiki yangu.” Sasa ni “my friend and I” au “my friend and me”?

Njia ni kumwondoa rafiki kwanza. Baki na wewe mwenyewe. Mwalimu aliniita. Ni imekaa katikati, kwa hiyo “me”. Mrudishe rafiki: “The teacher called my friend and me.” Sasa chukua ile ya kufagia. Ondoa rafiki: nilifagia. Ni ya mbele, kwa hiyo “I”. Mrudishe rafiki: “My friend and I swept.” Nimejaribu njia hii na watoto wa jirani kwa kokoto mbili, moja ya rafiki na moja ya “mimi”. Unaondoa kokoto ya rafiki, unasema sentensi, unairudisha. Walishika ndani ya jioni moja. Mmoja bado anang’ang’ania kutanguliza “me and”, lakini huyo hata ugali anataka apakuliwe wa kwanza.

Na hilo la nani atangulie ni jambo la adabu tu. Waingereza wanaona ni heshima kumtaja mwenzako kwanza na wewe kumalizia. Sisi kusema “mimi na mwenzangu” hakuna ubaya wowote. Mtoto afundishwe kama anavyofundishwa kuvua viatu mlangoni kwa watu.

Ipo sentensi nyingine inayoleta maelewano mabaya kuliko hii, na hakuna anayeicheka kwa sababu haionekani kama kosa. Kwa Kiswahili nikienda Nzega na baba yangu, watu wawili tu, naweza kusema “tulikwenda Nzega na baba.” Mtoto akiitafsiri, “We went to Nzega with father”, Mwingereza anaelewa walikuwa watu watatu au zaidi: sisi, halafu baba. Hapo sarufi haina kasoro, ila hesabu ya watu imepotea. Ifikirie kwenye mtihani wa ufahamu, au kituo cha afya mbele ya daktari mgeni. Na ile ya kujitambulisha, “My names are…”, ni majina yetu ya Kiswahili yaliyobebwa mzima mzima: “majina yangu ni”. Kwao jina la mtu, hata liwe na vipande vitatu, ni moja.

Barua iliyoandikwa njiani kuja Kwihara

Wakati naandaa makala haya nilikuwa nawaza njia yetu ya zamani ya misafara, ile ya Bagamoyo, Tabora, Ujiji, ambayo kila mtoto hapa anasomeshwa. Tunaisoma kama njia ya pembe na watumwa, na ilikuwa hivyo. Ilikuwa pia njia ya lugha. Wapagazi wa Kinyamwezi waliokwenda pwani na kurudi hawakukaa darasani kujifunza Kiswahili. Walikijifunza kwenye mzigo, kwenye moto wa kambi na kwenye kupatana bei ya nguo na ushanga, na bila shaka walikuwa wakikosea ngeli mpaka watu wa pwani wanacheka. Wa pwani bado wanatucheka.

Kwenye njia hiyo hiyo alipita kijana mmoja aliyeitwa Jacob Wainwright. Alikuwa Myao, aliyekombolewa utumwani utotoni na kusomeshwa India, katika shule ya wamisionari wa Kianglikana huko Nasik. Alifika Unyanyembe mwaka 1872 pamoja na watu waliotumwa na Stanley kumfuata Livingstone, aliyekuwa akisubiri pale Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, mahali ambapo leo kuna tembe la makumbusho. Livingstone alipofariki mwezi Mei 1873 huko Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, Chuma, Susi na wenzao waliukausha mwili wake na kuubeba kurudi pwani, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,500. Jacob ndiye aliyekuwa mwandishi wao.

Walipokaribia Unyanyembe, Oktoba 1873, walikuwa na njaa, na walikuwa wamesikia kwamba mtoto wa Livingstone yuko mjini. Jacob akaandika barua kwa Kiingereza, Chuma akatangulia nayo. Mtoto wa Livingstone hakuwepo. Aliyeipokea ni Mwingereza mwingine, Verney Lovett Cameron, aliyekuwa mgonjwa hapo Kwihara. Barua ilisema baba yako amefariki, mwili tunao, tumepoteza watu, njaa inatusukuma tukuombe nguo za kununulia chakula, na tena tunaomba utujulishe kama tutaingia mjini kwa kufyatua bunduki au la.

Nimeitaja kwa sababu ni barua iliyojaa nafsi ya kwanza: sisi, yetu, tunakuomba, utujibu. Viwakilishi vyake vimekaa mahali pake. Umbo la kitenzi kimoja halikukaa, kwa kipimo cha mwalimu wa leo angelizungushia wino mwekundu. Cameron hakuzungushia kitu. Alielewa, akajibu, na msaada ukapelekwa. Jacob aliendelea na mwili ule hadi Uingereza, na tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza katika kanisa la Westminster Abbey, London. Shajara yake ya safari, kwa Kiingereza, ipo hadi leo. Alifariki Urambo mwaka 1892, kwa hiyo tunaweza kusema ni wa huku.

Sisemi hivi ili makosa yaachwe. Jacob alisomeshwa vizuri, na inaonekana. Nasema tu kwamba mtu mwenye njaa na maiti ya kubeba aliandika alichohitaji kusema, na hakusubiri mpaka kila kitenzi kinyooke.

Hata wenye lugha wanakosea

Hili litawafurahisha baadhi yenu. Watoto wa Uingereza na Marekani husema “Me and my friend went” kila siku, nyumbani na mitaani, na wazazi wao huwarekebisha karne hata karne. Hata watu wazima ukiuliza nani amefanya hivi, jibu la kawaida ni “Me”. Mtu akibisha hodi akaulizwa nani, anasema “It’s me.” Kwa hiyo mjukuu wa bibi angejibu neno moja tu, “Me!”, asingekuwa na kosa lolote mbele ya Mwingereza wa kawaida.

Lakini kuna la kujifunza hapo. Watoto wale walikemewa sana kuhusu “me and my friend”, mpaka wengine wakaanza kuliogopa neno “me” lenyewe. Wakikua wanasema “between you and I” wakidhani ndio usomi, wakati hapo panapotakiwa ni “me”. Wamekimbia kosa moja wakaangukia lingine, kwa sababu waliambiwa “usiseme hivyo” bila kuambiwa kwa nini. Mwalimu anayefanya “me” kuwa neno la aibu anatengeneza kosa la kesho.

Mimi nilisoma sekondari kwenye shule ambapo ukikutwa unazungumza Kiswahili unavalishwa kibao shingoni, na unakivaa mpaka umkamate mwingine. Shule sitaitaja, na ilikuwa si hiyo pekee. Matokeo yake mimi nilijifunza kunyamaza. Siku ambazo kibao kilikuwa kinazunguka, nilikuwa naweza kukaa tangu paredi ya asubuhi hadi chakula cha mchana bila kusema neno katika lugha yoyote. Leo nalipwa kwa kuongea, na bado nikimhoji mgeni kwa Kiingereza, kabla sijasema “I” mkono unataka kugusa shingo.

Sifikiri mwalimu wa yule mtoto ni mtu mbaya. Huenda ana watoto wengi mno mbele yake, na Kiingereza chake mwenyewe alikipata kwa shida hiyo hiyo. Kumcheka mtoto hakukuanzia kwake, darasa ndilo lililocheka. Ila kulikuwa na njia ya sekunde tano: kurudia jibu la mtoto likiwa limenyooshwa, “Oh, you and your friend swept the classroom? Thank you.” Mtoto anasikia umbo sahihi, darasa linasikia, na aliyefagia anashukuriwa. Marekebisho ya kwenye daftari yana wakati wake, na kwenye mtihani alama zinakatwa kweli. Hilo lisifichwe.

Bibi asiyejua Kiingereza anaweza kufanya nini

Baada ya kipindi, mzazi mmoja wa Uyui aliniuliza kama auze ng’ombe ampeleke mtoto shule ya kulipia. Mimi si mtu wa kumwambia mtu auze au asiuze ng’ombe wake. Ninachojua ni kwamba somo hili la “I” na “me” halihitaji ng’ombe.

Chukua kitu kimoja, embe, muhindi, kikombe. Anayekishika anasema “I have a mango. It is mine.” Mwenzake ananyoosha mkono: “Give me the mango.” Embe likihama, maneno yanahama nalo: aliyekuwa “I” sasa ndiye anayesema “give me”. Watoto wadogo wa lugha zote huona taabu hapo mwanzoni, kwa sababu “mimi” si jina la mtu mmoja; kila anayefungua mdomo analichukua. Mchezo wa kupeana unawaonyesha hilo kwa mikono. Dakika kumi jioni, wakati michembe inachemka, zinatosha.

Na bibi, hata kama hajui neno moja la Kiingereza, ndiye mwamuzi. Mtoto aseme sentensi kwanza kwa Kiswahili. Bibi aulize: hapo nani anatenda, wewe au mwenzio? Kama ni wewe, sema “I”. Kama wewe ndiye unayetendewa, sema “me”. Mkiwa wawili, mtoe mwenzio kwanza. Hiyo ni kazi ya mtu anayejua Kiswahili, au Kinyamwezi, na hapo bibi anamzidi mwalimu yeyote.

Sentensi ya kwanza ambayo mimi ningemfundisha mtoto wa darasa la tano si ya kufagia wala ya embe. Ni “I don’t understand. Please help me.” Ina “I”, ina “me”, kila moja mahali pake, na kidato cha kwanza ataihitaji siku ya kwanza, kipindi cha kwanza, somo lolote litakaloingia.

Jumamosi hii saa 3 asubuhi tutaurudia mchezo wa embe hewani, na nimemwomba bibi apige tena, safari hii mjukuu akiwa karibu na simu. Kama una swali tuma ujumbe kama kawaida, hata kwa kiswaswadu. Ukianza na “me naomba kuuliza”, nitausoma vile vile.